Msimu wa Simu Mbili

Nimeuza simu mjini Eldoret miaka mingi, na katika miaka hiyo yote nimemsihi mteja mmoja tu aende akanunue kwa jirani. Nilimshika mkono juu ya kaunta nikamwambia, "Mwalimu, kama mimi huniamini, vuka barabara. Nunua pale. Nunua yoyote, lakini nunua leo!" Akacheka mpaka akatoa kitambaa cha kupangusa uso. Akasema huo ni ujanja mpya wa wauzaji, hajawahi kuuona, na akanipongeza kama alivyonipongeza zamani nikipata jibu la swali gumu.

Haki huyo mzee alinitesa. Mpaka leo akinijia akilini sijui kama nicheke au nipige meza.

Alinifundisha Kilimo na Sayansi shule ya msingi. Baadaye nilipoolewa nikahamia Kimumu, nikakuta ni jirani yangu, nyumba chache tu kutoka kwetu. Kwa hivyo nimemjua nikiwa na sare ya shule na nimemjua nikiwa na watoto wangu, na kote huko jina lake kwangu lilikuwa Mwalimu. Mtaa mzima ulimwita hivyo. Hata mke wake, ambaye sisi sote tulimwita Mama, alimwita Mwalimu mbele za watu. Akiwa amemkasirikia alimwita hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini, na hapo ndipo mzee alianza kutafuta kofia yake aende shambani.

Kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba Mwalimu hakuwa na uwezo wa kununua kitu kabla hajakilinganisha na kingine. Utasema kila mtu hulinganisha. La, wewe unauliza bei maduka mawili halafu unachoka. Mwalimu alilinganisha vile watu wa mahindi wa huku hulinganisha mbegu. Mbegu mpya ikija, mkulima hanunui kwa sababu mtu wa kampuni amekuja na kofia za bure na mdomo mtamu. Anapanda mistari michache ya hii na mistari michache ya ile, shamba moja, mbolea moja, mvua moja, kisha anangoja. Anangoja mpaka avune, na akishavuna ndipo anafungua mfuko wa pesa. Mwalimu alikuwa na shamba upande wa Moi's Bridge na huko kila mtu hufanya hivyo. Shida yake ni kwamba tabia hiyo haikubaki shambani. Aliileta nyumbani, ikaingia kwa sufuria, kwa sabuni, kwa dawa ya kikohozi.

Kuna mwaka alitaka gambuti, buti za mpira za kutembelea matope. Dukani kulikuwa na aina mbili. Mtu mwenye akili yake anachagua moja. Mwalimu alinunua jozi zote mbili, halafu msimu mzima wa mvua akavaa nyeusi mguu wa kushoto na kijani mguu wa kulia. Alipita hivyo Kimumu yote, mzee mzima, na koti lake la kazi na miguu ya rangi mbili. Watoto walimfuata wakicheka. Yeye akasimama akawafundisha pale pale barabarani: matope ni yale yale, mwendo ni ule ule, mtu ni yule yule, kwa hivyo buti itakayopasuka kwanza haina kisingizio. Ya kijani ikapasuka. Mwaka uliofuata akavaa zile mbili zilizobaki, moja nyeusi na moja kijani, na mguu wa kijani ukalowa tena. Nilimuuliza, "Mwalimu, si ulijua itapasuka?" Akaniambia labda ile ya kwanza ilikuwa na bahati mbaya, hakutaka kuionea.

Mama alikuwa anasikia. "Huyu angenilinganisha na dada yangu," akasema, "angekuwa kapera mpaka leo."

Na hapo ndipo pa kushangaza. Mama hakulinganishwa na mtu. Mwalimu alimwona kwa posho mill, akingoja zamu yake, unga umemwagikia nyusi, anagombana na mwenye mashine kwa sababu amesagiwa mahindi ya mtu mwingine. Mwalimu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo akamwambia babake amepata mke. Hakukuwa na mistari wala msimu. Siku moja nilimchokoza, nikamuuliza kwa nini hakumpima Mama kama gambuti. Alifikiria kwa muda mrefu sana, vile alivyofikiria darasani mtu akimuuliza swali ambalo haliko kwa kitabu.

"Hapo sikuwa na akili," akasema. "Na sijawahi kuvuna vizuri hivyo."

Alikuwa na misemo yake. "Maneno hayaoti," hiyo aliisema kila mara mtu akijisifu. "Msimu hausemi uongo," hiyo tuliiandika juu ya madaftari yetu. Na kuna moja ambayo niliichukia tangu utotoni, na lazima niwaeleze ilikotoka. Tulikuwa tumepanda sukuma wiki nyuma ya darasa, vipande viwili, A kwa samadi ya ng'ombe na B kwa mbolea ya duka. Darasa liligawanyika, karibu tupigane. Mimi nilikuwa wa B. Sukuma ikiwa karibu kuvunwa, mvua ya mawe ikanyesha. A yote ikalala chini. B ilikuwa karibu na ukuta, kwa hivyo ilibaki na majani ya kuhesabika. Sisi wa B tukaanza kuimba. Mwalimu akatoka na ile fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni, akatunyamazisha.

"Mvua ya mawe haichagui mshindi," akasema. "Msimu uliopigwa hauhesabiwi. Tunapanda tena."

Nililia, jameni. Nilikuwa nimeshinda! Nilienda nyumbani Yamumbi nikamwambia mamangu kwamba Mwalimu ametunyang'anya ushindi kwa sababu wengi wetu wa B tulikuwa watoto wa watu waliohamia kutoka mkoa wa Central, na yeye ni Mkalenjin. Mamangu alinipiga kofi moja dogo la mgongoni akaniambia nisirudie maneno kama hayo, kwamba mwalimu huyo angemkatalia hata mtoto wake. Na ni kweli. Mtoto wake mwenyewe alikuwa wa B, na alilia kunishinda.

Alikuwa na uvumilivu wa ng'ombe anayecheua ikiwa ni kungoja kitu kikue, lakini mtu akichelewa hata kidogo, aai! Alifunga mlango wa darasa kengele ikilia. Kanisani alikuwa akimwangalia mchungaji na saa, mchungaji na saa. Sijui mtu anawezaje kuwa na haraka hiyo na polepole hiyo ndani ya mwili mmoja.

Alifundisha nusu ya Kimumu kusoma. Mke wake hakumfundisha, na hiyo si lawama yake. Alijaribu, Mama akakataa. Nilimsikia Mama mwenyewe akieleza, akichambua mboga, bila aibu yoyote: "Nikijua kusoma ataniachia kitabu nisome peke yangu, na yeye aende kusikiza redio." Kwa hivyo kila siku baada ya chai ya jioni Mwalimu alimsomea. Gazeti kidogo, akimtafsiria, halafu Biblia yao ya Kikalenjin, ile yenye maandishi madogo kama chawa. Ukipita kwa ua wao saa hiyo ungesikia sauti yake, na katikati sauti ya Mama ikibishana na mitume. Mtoto wao alishakua akahama, kwa hivyo macho ya nyumba hiyo ya kusomea yalikuwa mawili tu, na yote yalikuwa ya Mwalimu.

Halafu macho yakaanza kwenda.

Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kitambo bila yeye kutambua, kwa sababu la kulia lilikuwa linafanya kazi ya mawili. Na hilo la kulia lilikuwa linafungika kutoka pembeni kuja katikati. Dawa ya matone ingechelewesha, lakini kilichoenda kimeenda. Mwalimu alitia matone yake kwa saa, bila kukosa. Mtu mmoja wa kanisani akamwambia simu kubwa za siku hizi zina kamera kali sana, ukiiweka juu ya ukurasa herufi zinakuja kwa skrini kubwa kama kiganja, mtu mwenye jicho kidogo anasoma. Mwalimu akaja kwangu mwezi wa kupanda, Biblia kwapani ndani ya mfuko wa nailoni.

"Nataka simu ya kumsomea Mama," akasema. Maneno yenyewe ndiyo hayo.

Nikamwonyesha mbili, zile kubwa kabisa za kampuni mbili tofauti ambazo sitazitaja. Moja nyeusi na nyingine kijivu, na ndivyo alivyoziita tangu siku hiyo, Nyeusi na Kijivu, kama majina ya ng'ombe. Bei ya moja ilikuwa ng'ombe mzima wa gredi, wa maziwa, na ng'ombe huyo alikuwa tayari kumuuza, hapo hakuwa na wasiwasi. Nyeusi ilivuta mbali. Ulikuwa unaielekeza ng'ambo ya barabara na kusoma kibandiko kwa dirisha la duka la dawa. Skrini yake haikuogopa jua, lakini ilikuwa nzito na mkono wa mzee ulitetemeka nayo. Kijivu ilikuwa nyepesi, ilitulia mkononi, na herufi zake zilikuwa safi zaidi, ila ukiivuta sana zilianza kuvurugika. Nilijaribu hata kumwonyesha ile sauti ya simu inayosoma maandishi. Kiswahili ilisoma kama mgeni wa mbali. Kikalenjin ikakitafuna kama mawe, na Mwalimu akaniambia niizime kabla Mama hajajua kuna kitu kama hicho duniani.

"Chukua Nyeusi," nikamwambia. "Kwa hali yako, Nyeusi. Itulize juu ya vitabu viwili, haitatetemeka."

"Hayo unasema wewe," akajibu. "Na wewe ni muuzaji. Wacha tuone zikipitia msimu."

"Msimu gani, Mwalimu?"

"Msimu," akasema, kama mtu anaulizwa jua ni nini. "Nimepanda wiki hii. Nitanunua nikivuna."

Nilifikiri ni mzaha. Ai! Wiki iliyofuata huyo, kwenye kigoda karibu na dirisha, na Biblia. Na wiki iliyofuata. Nilikuwa na simu hizo mbili za kuonyesha wateja, na yeye akaziweka bega kwa bega juu ya kaunta, ukurasa mmoja, mwanga mmoja, akasoma mstari kwa hii na mstari kwa ile. Alizijaribu asubuhi ya ukungu na mchana wa jua. Alizijaribu akiwa amevaa glavu za baridi ya Julai. Alitaka kujua ni ipi inakula chaji ikifanya kazi na ni ipi inakula chaji ikilala. Wateja wangu walimzoea, wengine wakawa wanamuuliza yeye badala yangu.

Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Kampuni ya Kijivu ilituma sasisho, na simu ikaanza kumaliza betri kabla ya saa sita. Kampuni ya Nyeusi nayo ikatuma la kwake, na kamera ikawa inachemka ukiiacha wazi juu ya ukurasa. Mwalimu alifurahi kama ameona mahindi yakitoa ndevu. "Unaona? Ungeniuzia mwezi wa nne, ningejuaje?" Nilimwambia hayo ni mambo madogo, yanarekebishwa. Akaniambia wadudu pia ni wadogo.

Lakini mimi nilikuwa naona kingine. Mwanzoni alisoma kibandiko cha duka la dawa akiwa amekaa. Baadaye akawa anasimama. Baadaye akawa anageuza kichwa kama kuku, akitafuta ule upenyo uliobaki kwa jicho, akiupoteza, akiutafuta tena. Siku moja alishika chai akaimwaga yote kwa sababu kikombe kilikuwa upande ambao kwake haukuwepo tena. Akajifuta akaendelea kulinganisha. Nilienda kwa Mama nikamwambia, "Mama, mwambie anunue. Jicho halitafika mavuno." Mama alikuwa anajua, anajua kuliko mimi. Alisema, "Nimemwambia mpaka mdomo umekauka. Nakuomba wewe umharakishe." Nikaenda kwa mchungaji, mchungaji akamwongelesha, Mwalimu akamsikiza akiangalia saa.

Nikamwambia abebe moja nyumbani, atalipa siku akiamua. Akakataa, akasema moja Kimumu na nyingine mjini si mashindano ya haki, mwanga ni tofauti.

"Basi beba zote mbili!" Ndiyo, nilisema hivyo. Ng'ombe wawili wa gredi, bila karatasi yoyote.

"Nikutane na mwizi njiani?" akasema. "Huyo atachukua zote bila kulinganisha."

Ndiyo siku niliyompigia kaunta. Nilipiga mpaka vifuniko vya simu vikaanguka. Nikamwambia mimi siuzi mahindi, naye hana macho ya kupoteza, na jicho halingoji mtu avune, na kama haniamini kwa sababu mimi ni muuzaji, avuke barabara anunue kwa jirani. Hapo ndipo alicheka akatoa kitambaa, akanipongeza kwa ujanja. Lakini kicheko kilipoisha hakukirudisha kitambaa mfukoni. Alikaa akikikunja na kukikunjua.

"Msichana wangu," akasema, na hakuwa ameniita hivyo tangu shule. "Gambuti ikipasuka, kuna nyingine. Mbegu ikikosa, kuna mwaka ujao. Sasa nikichagua vibaya, jicho lingine la kujaribia nitatoa wapi?"

Miaka yote nilidhani analinganisha kwa ujeuri, kwa kupenda kujua, kwa ubahili kidogo. Kumbe siku hiyo ilikuwa ni woga, woga mtupu, na ule ulinganisho ndio ulikuwa mkongojo wake. Nilimwokotea vifuniko kama vyake, sijui kwa nini, na ni vyangu mimi, na nikampa chai nyingine, nikaiweka upande wa kulia.

Alirudi mahindi yakiwa yanakauka shambani. Ilikuwa mchana, jua linaingia dukani mpaka kwa kaunta, taa zangu zote za kabati zinawaka. Akakaa kwa kigoda, akafungua Biblia kwa vidole, akaweka Nyeusi juu ya ukurasa vile alivyozoea. Akaisogeza. Akachukua Kijivu, akaisogeza nayo. Nilikuwa namhudumia mama mmoja anayetaka chaja, kwa hivyo sikumwangalia sana.

"Stima imepotea?" akauliza.

Yule mama wa chaja aliniangalia. Stima hupotea hapa kila mara, si swali la ajabu. Lakini kila kitu kilikuwa kinawaka. Niliweka chaja chini. Huko kwa muuza kanda wa mlango wa pili muziki ulikuwa unapiga kwa nguvu, ule muziki wa injili wenye gitaa, na nikaona Mwalimu akiinua kichwa akiusikiza.

"Redio ya jirani inaimba," akasema polepole. "Kwa hivyo stima iko."

Alizipanga zile simu mbili bega kwa bega, kwa kupapasa, zikalingana. Akafunga Biblia. Akaniomba nimpeleke nyumbani. Nililia njia nzima bila sauti, na tulipofika aliniuliza kama nimefunga duka vizuri.

Baada ya hapo sikumwona tena dukani. Nilipita kwao mara nyingi nikimpelekea Mama maziwa au mboga, na kila mara mzee alikuwa kwa kiti kile kile, uso kwa ukuta, kofia kwa goti. Alinisalimia vizuri. Tangu nimjue, mgeni hakutoka kwake bila kusindikizwa mpaka kwa geti, na hata mpaka barabarani akiwa amefurahi. Sasa alibaki ameketi. Jioni hakukuwa na sauti kwa ua wao.

Mahindi yalipokwisha kuingia store, Mama akanipigia. "Mwalimu anasema ulete zile simu zote mbili. Anasema amevuna."

Nilienda mchana wa Jumapili. Bahasha ilikuwa juu ya meza, imejaa. Ng'ombe alikuwa ameuzwa. Mwalimu alikuwa amenyoa, amevaa tai. Mama alileta chai, Biblia ikawekwa katikati, na mzee akaniamuru niwashe Nyeusi kwanza.

"Herufi ni kubwa kiasi gani?"

"Kama kiganja, Mwalimu."

"Ni kali, au zina ukungu?"

"Ni kali."

"Sasa Kijivu. Usinidanganye."

Mtu aliyekataa mdomo wa muuzaji maisha yake yote, sasa hakuwa na kingine ila mdomo wangu. Nilitaka kutoka nje nikapige kelele. Akasema kueleza hakutoshi, nisome. Nikamwambia mimi Kikalenjin changu ni cha sokoni, cha salamu na bei. Akasema herufi ni zile zile alizonifundisha. Basi nikasoma, mstari kwa Nyeusi, nikijikwaa kila neno, bila kujua ninasema nini. Akanikatiza. Akanirekebisha. Nikarudia, akanirekebisha tena, na ile sauti ilikuwa ya darasani kabisa, ile ya kengele na mlango. Mama aliyekuwa anamimina chai akasimamisha birika. Nikasoma mstari mwingine kwa Kijivu, nikaharibu vibaya zaidi, Mama akacheka mpaka akajishika tumbo, kisha akabishana na lile neno nililosoma, na Mwalimu akambishia.

Nilipobeba vikombe kwenda jikoni Mama alinifuata. Alinishika mkono wa juu, akanikaza.

"Tangu siku ile hajatoka kwa huo mlango," akaniambia kwa sauti ya chini. "Anaamka kwa sababu kuna hiyo simu ya kuamua. Leo anaamua. Kesho nitamwamsha na nini? Na mimi nani atanisomea?" Akapangusa kikombe ambacho kilikuwa kisafi. "Nilikuomba umharakishe. Sasa naomba umcheleweshe."

Tuliporudi Mwalimu alikuwa tayari na mkono juu ya bahasha.

"Nimeamua," akasema. "Msimu umeisha, mtu hawezi kuzungusha muuzaji milele. Ni Nyeusi. Ulisema hivyo tangu mwanzo, na ulikuwa na haki. Mama, mpe hii."

Mama hakusogea. Alisimama mlangoni mwa jikoni akiniangalia. Bahasha ilikuwa hapo, na ndilo neno nililomlilia mwaka mzima, nililopigia kaunta, nikaenda mpaka kwa mchungaji: nunua, Mwalimu, nunua. Nilizitazama zile simu mbili bega kwa bega juu ya Biblia, na yule mzee na tai yake, uso wake umeelekea pale alipodhani niko.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Siuzi."

"Huuzi?"

"Msimu huu ulipigwa na mvua ya mawe. Mvua ya mawe haichagui mshindi." Nikasogeza Biblia na simu zake zote mbili mpaka mbele yake. "Msimu uliopigwa hauhesabiwi. Nitakuja Jumapili nisome kwa hii, na Jumapili nyingine nisome kwa ile, na wewe utasikiza ni ipi. Tunapanda tena."

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Kidole cha mzee kilikuwa kinapita juu ya ukingo wa Nyeusi, kikashuka kwa Biblia, kikapanda kwa Kijivu.

"Mpaka mavuno?" akauliza.

"Mpaka mavuno."

Akaisukuma ile bahasha, ikarudi upande wa Mama.

"Sasa unaongea kama mkulima," akasema. Kisha akasimama, akiwa ameshikilia meza, akamuuliza Mama koti lake liko wapi, kwa sababu alitaka kunisindikiza mpaka kwa geti.